Ile alama ku mufuko wa kahawa inamulipa nani?

Maneno tuliyopashana na vijana, Bukavu



Leo nitasema juu ya kitu kidogo: ile alama wanayobandika ku mufuko wa kahawa ao ku shokola, ya kuonyesha kama mukulima hakuibiwa. Wanaiita biashara ya haki. Ilianza Uholanzi mwaka 1988, na kahawa ya wakulima wa Meksiko. Hapa kwetu, koperative SOPACDI ya Minova ni kati ya zile za kwanza kupata alama ya Fairtrade.

Mie ni mutoto wa kahawa. Mama yangu analima kule Kalehe. Kila mwaka minervali ilikuwa inafika mbele ya mavuno, basi alikuwa anauza kahawa ikingali ku muti, kwa bei ya yule mwenye kuwa na mafranga mukononi. Hakuna aliyemukamata kwa nguvu. Ni shida ndiyo ilikuwa inamukamata. Ile kahawa ya bei ya chini ndiyo ilinipa dipulome. Sasa dipulome iko mu bahasha, kazi sina, na asubuhi ninakunywa kahawa ya unga iliyotoka mbali mu kopo. Hii ndiyo haya yangu, ninaisema mbele yenu.

Sasa swali: munuzi anajali? Wale wanaokaa mbali na Kalehe, wakisimama mbele ya mifuko mbili, wanachukua gani?

Kuko wasomi waliuliza watu 808 kule Ubelgiji, wakaandika majibu mwaka 2005. Watu wengi walisema hii biashara ya haki ni nzuri. Lakini walipoulizwa wataongeza ngapi, kwa wastani walifika asilimia 10. Mu maduka, kahawa yenye alama ilikuwa inazidi ile ingine kwa asilimia 27. Waliokubali kulipa ile bei yote walikuwa karibu mutu 1 kwa 10. Mudomo na mufuko wa suruali havilale nyumba moja.

Lakini tusiwacheke haraka. Marekani walifanya jaribio mu maduka 26, matokeo yakatoka mwaka 2015. Walibandika alama ku kahawa bila kugusa bei: mauzo yakapanda karibu asilimia 10. Kiisha wakapandisha bei kwa asilimia 8 ao 9. Wanunuzi wa kahawa ya bei kali hawakutikisika. Wanunuzi wa kahawa ya bei nafuu walipunguka karibu asilimia 30. Maana yake nini? Huruma iko kweli, ila inafuata mufuko. Mwenye nacho anaweza kulipia roho yake. Mwenye kuhesabu anahesabu, hata kama iko Ulaya.

Na sisi je? Nilienda soko ya Kadutu, nikamuuliza mama mumoja aliyekuwa ananunua maharage: "Mama, ukinunua chakula, unawaza yule aliyelima?" Akaniangalia toka chini mupaka juu. "Mwanangu, mie mwenyewe nani ananiwaza? Naangalia bei, naangalia kama haina wadudu, kiisha naenda kwa kiliya wangu." Nikamuuliza kwa nini yule na si mwingine. Akasema: "Yule kopo yake haikubonyezwa chini."

Makamarade, ile jibu ilinifundisha kuliko vitabu. Munajua wote ile kopo wanayobonyeza chini ili ipime kidogo. Basi huyu mama naye ana alama yake ya haki. Haikuandikwa ku karatasi. Ni kopo lenye chini iliyonyooka, na mutu anayemujua kwa jina. Asituambie mutu kama masikini hana maoni juu ya haki ya biashara. Anayo, na anaipima kwa macho yake.

Sasa tufanye hesabu, juu alama bila hesabu ni rangi tu. Mu Agosti 2023, Fairtrade iliweka bei ya chini kwa arabika iliyooshwa: dola 1.80 kwa ratili moja, ni karibu dola 4 kwa kilo. Soko la dunia likianguka, munuzi hawezi kushuka chini ya pale. Likipanda, analipa ya soko. Tena anaongeza senti 20 kwa ratili, karibu senti 44 kwa kilo, ya kazi za pamoja.

Ila musikilize vizuri. Ile bei inalipwa ku koperative, kwa kahawa iliyokauka tayari kusafiri. Haiingie moja kwa moja mu mukono wa mama yangu. Kupata kilo moja ya ile kahawa, inaomba kilo 6 ao 7 za matunda mekundu. Basi zile senti 44 zinakuwa senti 6 ao 7 kwa kilo ya matunda. Na ni mukutano mukubwa wa wanamemba ndio unapaswa kuamua zitafanya nini: kukarabati mashine, njia, masomo. Kama wanamemba hawaende ku mukutano, ao wanaenda na kuitika tu, alama itabaki nzuri kule Bruxelles na baridi kule Kalehe.

Tusisahau pia tulitoka wapi. Wandugu wetu wengi walizama mu ziwa Kivu, wakivusha kahawa usiku kwenda Rwanda, juu huku hakukuwa munuzi mwenye bei ya maana. Waliacha wajane. Kwa hiyo sitasema alama haina faida. Koperative inayopata munuzi wa kweli imewatoa watu mu mitumbwi ya usiku. Ninasema tu: maisha ya kijiji haiwezi kutegemea mutu wa mbali aamuke na roho nzuri.

Basi tufanye nini, sisi tusio na kazi? Nawaomba vitu vitatu. Kwanza, wewe mwenye mzazi mu koperative, mwende wote ku mukutano, umusomee hesabu. Ulisoma juu ya nini? Pili, tukatae kopo iliyobonyezwa, tuseme kwa sauti, kwa heshima, pale pale sokoni. Tatu, yule anayeweza, anunue kahawa ya kwetu, hata kidogo, na aulize muuzaji: mukulima alipata ngapi?

Wiki jana nilimuletea mama kahawa iliyochomwa na kusagwa hapa mujini. Alikunywa, akanyamaza, kiisha akasema: "Kumbe iko hivi." Miaka yote anaiuza, alikuwa hajaionja vile.