HATARI YA RISASI YA PILI

Maneno ya mazungumzo kwa wakaaji wa Kwale, Diani na Msambweni, juu ya bastola zenye nguvu na mikono isiyozizoea



Bunduki si kitu kigeni katika Pwani ya Kusini. Huko Gasi, katika njia ya kutoka Diani kwenda Msambweni, ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambaye katika miaka ya 1895 na 1896 alipigana na Waingereza, mpaka akavuka mpaka na kuweka silaha chini kwa Wajerumani, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Bunduki iliyojulikana sana na watu wa zama zile ni gobore. Mwenye gobore alimimina baruti, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi, akaweka kitako begani, akalenga. Ilipolia, ilikuwa imekwisha. Ikiwa ilimpiga bega na kumyumbisha, haikuwa na neno jingine la kusema mpaka ishindiliwe tena.

Gobore, basi, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa na rehema mbili. Rehema ya kwanza ni kitako, kwa kuwa bega na mwili mzima ndivyo vilivyopokea kishindo chake. Rehema ya pili ni kwamba lilikuwa na risasi moja tu. Bastola ya kisasa haina hata moja ya rehema hizo. Haina kitako, hushikwa kwa viganja tu. Na ndani yake mna risasi 5, au 6, au 15, kila moja ikingoja zamu yake. Jambo lililo muhimu katika mazungumzo haya ni hili: mtu asiyezoea bastola yenye nguvu haangamizwi sana na risasi aliyoikusudia, bali na ile inayoifuata, ambayo hakuikusudia.

Yafaa kwanza ifahamike kwa nini bastola humrudia mpigaji. Mwaka 1687 mtaalamu wa Kiingereza, Isaac Newton, aliandika kanuni kwamba kila kitu kinachosukuma kingine, nacho husukumwa kwa nguvu iyo hiyo upande wa pili. Mvuvi wa Msambweni aijua kanuni hiyo hata kama hajapata kusikia jina la Newton. Arukapo kutoka katika chombo kwenda ufukoni, mwili wake huenda mbele, na chombo hurudi nyuma. Akiruka kutoka katika jahazi lenye shehena, jahazi halionekani kujongea. Akiruka kutoka katika mtumbwi mdogo mwepesi, mtumbwi hukimbia, na pengine mvuvi mwenyewe huanguka majini. Risasi ni kama yule mvuvi arukaye, na bastola ni kama ule mtumbwi. Risasi ikiwa nzito na yenye mwendo mkali, bastola hurudi kwa nguvu zaidi. Na bastola ikiwa nyepesi, hurudi kwa kasi zaidi.

Kwa sababu hiyo wakosea wale wanaodhani kwamba bastola ndogo na nyepesi ndiyo imfaayo mtu anayeanza. Bastola ndogo yenye risasi kali ni ule mtumbwi mwepesi.

Tofauti kati ya bastola na bastola ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Mwaka 1955 ilitolewa huko Marekani bastola ya risasi iitwayo .44 Magnum, yenye uzito karibu mara mbili ya hiyo, na mwendo unaopita mita 400 kwa sekunde. Mwaka 2003 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya .500 Magnum. Bastola hiyo ina uzito wa kilo 2 hivi, huchukua risasi 5, na baadhi ya risasi zake zina uzito wa gramu 28. Msukumo wake wa kurudi nyuma hufika karibu mara 5 ya ule wa bastola ya milimita 9.

Silaha za namna hiyo zilitengenezwa hasa kwa wawindaji wa wanyama wakubwa. Nchini Kenya uwindaji huo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ndovu wa Shimba Hills wakiingia mashambani, shauri lao ni la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Basi hakuna kazi ya halali katika Kwale inayomlazimu raia kuwa na bastola ya nguvu kiasi hicho. Walakini fundisho lake lahusu kila bastola, kwa maana hata ile ya kawaida ni kali mno kwa mkono usiopata kuishika.

Sasa na itazamwe hali ya mkono wenyewe. Mtutu wa bastola hukaa juu ya kiganja, wala hauko sawa na kifundo cha mkono. Kwa hiyo msukumo wa nyuma hauishii nyuma. Huigeuza bastola na kuinua mdomo wake juu. Kwa mpigaji aliyezoea, viwiko na mabega hupokea nguvu hiyo na bastola hurudi mahali pake. Kwa asiyezoea, mdomo wa bastola waweza kutazama mawinguni, na ikiwa silaha ni kali sana, waweza kutazama paji la uso wake mwenyewe.

Wakati uo huo mtu huyo ameshtuka. Mwanadamu akishtuka, na kitu kikitaka kumponyoka, vidole vyake vyote hukaza pamoja; ndivyo alivyoumbwa. Lakini kimoja katika vidole hivyo kiko juu ya kifyatulio, yaani ile ndoana ya chuma inayovutwa ili risasi itoke. Kidole hicho kikikaza pamoja na vingine, risasi ya pili hutoka. Hutoka wakati mdomo wa bastola hauko tena kwenye shabaha, bali uko popote ulipotupwa na risasi ya kwanza. Yote hayo huisha kabla mtu hajawahi kufumba na kufumbua macho. Mwalimu aliyesimama kando hawezi kupiga ukelele ukasikiwa, wala hawezi kuudaka mkono.

Jambo hili limethibitika kwa vifo. Mwezi wa Agosti 2014, katika uwanja wa shabaha wa jimbo la Arizona, Marekani, msichana wa miaka 9 alipewa Uzi, ambayo ni rashasha ndogo ya kushikwa mikononi. Mwalimu alisimama ubavuni pake. Kwanza alimwachia apige risasi moja, naye akaipiga salama. Kisha silaha ikageuzwa ili itoe risasi mfululizo. Msichana hakuweza kuizuia. Ikapanda juu na kugeukia kushoto, na mwalimu akapigwa risasi ya kichwa, akafa. Mwaka 2008, katika jimbo la Massachusetts, mtoto wa kiume wa miaka 8 alipewa rashasha ndogo zaidi ya aina iyo hiyo. Mdomo wake ukainuka na kumrudia yeye mwenyewe, akafariki dunia. Baba yake alikuwapo.

Ni kweli kwamba rashasha si bastola, lakini ubaya uliofanya kazi ni mmoja. Na katika kisa cha Arizona kuna neno la kutiliwa maanani sana: risasi moja haikumdhuru mtu. Mauti yalikuja kwa zile zilizofuata.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Marekani, na Kwale si Marekani. Lakini chukulia mtu wa Ukunda mwenye duka, ambaye amepewa cheti cha kuwa na bastola kwa sababu ya biashara yake. Siku ya sikukuu jamaa wamekusanyika shambani kwake. Mpwa wake, kijana wa miaka 19, amwambia, "Mjomba, nipe nami nijaribu mara moja tu." Kwa Wadigo mjomba ni mtu mzito, na mpwa ni mtu wa kupendwa, kumnyima kwaonekana kama kumtweza mbele ya wenzake. Mjomba ampa bastola, imejaa risasi. Kijana ainyosha kwa mkono mmoja kama alivyoona katika sinema, mwili ameurudisha nyuma, ndugu zake wamesimama ubavuni wakicheka. Hapo pana kila kitu kinachohitajiwa ili msiba utokee, na hakuna hata mmoja aliye na nia mbaya.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake ni kwamba atajikata kidogo, atalia, na atakuwa amefunzwa. Methali hiyo ni njema kwa wembe. Kwa bastola haifai, kwa kuwa bastola haimwachi mtu na jeraha dogo la kumfunza. Jeraha la risasi kichwani si la kukimbizwa Hospitali ya Msambweni likafungwa kitambaa na mtu akarudi kwao jioni.

Mjomba yule afanyeje? Kwanza, aikumbuke sheria. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka 1953, yakataza mtu kuwa na silaha au risasi bila cheti. Cheti hakipewi mtu mlevi wala mwenye akili zisizo timamu, wala yeyote asiyestahili kuaminiwa kwa silaha. Na aliyepewa hukipata kwa nafsi yake, si kwa ukoo wake. Mwisho wa mwaka 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, ili ijulikane ni nani anayestahili kuendelea kuwa nazo. Basi jibu la mjomba ni fupi: "Mwanangu, cheti hiki ni changu, si chako. Ukitaka kujifunza, utajifunza kwa njia yake." Mpwa hatapungukiwa na heshima kwa jibu hilo, na mjomba ataongeza yake.

Na njia yenyewe ni hii, kwa yule aliyeruhusiwa na sheria na anayefundishwa katika uwanja wa shabaha.

Kwanza, aanze na silaha ya risasi ndogo kabisa, ile ya .22, ambayo msukumo wake hausikiki sana. Aizoee bastola ikiwa tupu: namna ya kuishika kwa mikono yote miwili, kuelekeza mwili mbele kidogo, na kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe imeonekana.

Pili, asipande daraja kwa pupa. Mtu hamalizi kujifunza kuogelea katika kidimbwi kisha akatupwa nje ya mwamba siku iyo hiyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kila ashikapo kwa mara ya kwanza silaha yenye nguvu kuliko aliyoizoea, itiwe risasi moja tu. Aipige, kisha silaha iwe tupu. Ikiwa imempanda hata usoni, itakuwa chuma kitupu kilichompanda. Itiwe tena moja, na tena moja, mpaka mwalimu aone kwa macho yake kwamba bastola inarudi mahali pake na kidole kinatulia. Kwa kufanya hivyo, bastola ya kisasa hurudishiwa ile rehema ya gobore.

Nne, mwalimu asimame karibu, nyuma kidogo ya mpigaji, wala watazamaji wasisimame ubavuni. Mbele pawe na kingo kubwa la udongo la kupokea risasi. Ukuta wa fito na udongo hauizuii, wala makuti. Na risasi iliyokwenda juu lazima ishuke mahali. Masikio nayo yazibwe, kwa sababu mlio wa bastola hupita desibeli 140, na mlio kama huo waweza kumharibia mtu usikivu.

Tano, anayeona kwamba silaha ni kali kuliko nguvu zake, aruhusiwe kuirudisha bila kuchekwa. Mwanamume anayekataa silaha asiyoimudu si mwoga.

Lipo pia jambo la silaha zisizo na mwenyewe. Tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, askari 6 wakauawa na silaha zikaporwa. Tangu hapo watu wa Kwale wafahamu kwamba silaha yaweza kutoka mahali pake na kufika mikono isiyostahili. Mtu akiona bastola imetupwa kichakani, au mtoto akija nayo mkononi, asijaribu kujua kama ni nzima. Hajui ina risasi ngapi wala ina ukali gani. Aiache ilipo, awaweke watoto mbali, na ampelekee habari chifu au polisi upesi. Na mwenye cheti aifungie silaha yake nyumbani mahali imara, ili asiwe yeye aliyeitoa.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ziko ajali nyingine ambazo kweli hazina. Lakini hii ina kinga, nayo haigharimu hata senti moja: asiyezoea asipewe silaha kali, na anayefundishwa apewe risasi moja kwa wakati mmoja. Aliyesoma maneno haya na amsomee jirani asiyejua kusoma, na hasa yule mwenye silaha nyumbani na vijana wanaoitamani.