Kilio Kisichobagua Maiti: Ushairi wa Lamu na Demokrasia Iliyojeruhiwa



Tumeombwa tuzungumze juu ya ushairi wa maombolezo na misiba iliyoipata demokrasia yetu. Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba mada ya washairi amepewa mwanasheria. Sisi hatuoni ajabu. Katika visiwa vya Lamu, kabla ya kuja sanduku la kura na kabla ya mahakama hizi tulizozirithi kwa Mwingereza, shairi lilikuwa baraza. Kwa shairi mtu alishtaki, kwa shairi akajibiwa, na mji mzima ukasikiliza na kutoa hukumu. Kabla ya Vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo 1812 au 1813 kati ya Amu kwa upande mmoja na Pate na Mombasa kwa upande wa pili, Bwana Zahidi Mgumi wa Amu na washairi wa Mombasa walikuwa tayari wanapambana kwa beti.

Kwa hiyo tunapouliza kwa nini demokrasia yetu inaliliwa, ni haki tuwaulize pia wale ambao kazi yao ni kulia kwa niaba ya umma.

AHADI YA 1991

Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Wengi waliamini kwamba mlango ukifunguliwa, nyumba nzima itapata hewa. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Miteitei, wilayani Nandi. Yakaenea hadi Molo na Burnt Forest, na mwaka 1993 yakafika Enoosupukia. Mtu alifukuzwa shambani mwake kwa sababu ya jina lake, maana jina lilichukuliwa kuwa ni kura. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi, ziliikuta mikono ya wanasiasa na ya maofisa wa serikali katika mapigano hayo. Viongozi wa makanisa walikuwa wamekwisha kusema hayo wakati wengine wangali kimya.

Uchaguzi wa Desemba 29, 1992 ulimrudisha Rais Moi kwa asilimia 36 hivi ya kura. Upinzani ulikuwa umegawanyika, na mgawanyiko wenyewe ulifuata sana mipaka ya makabila. Agosti 1997 zamu ikawa ya pwani yetu: Likoni ilishambuliwa, watu wa bara wakaambiwa warudi kwao, na maelfu wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Baada ya uchaguzi wa 2007 Tume ya Jaji Waki iliorodhesha watu 1,133 waliouawa. Miongoni mwao ni wale waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, Januari 1, 2008.

Tumeyataja haya kwa ufupi kwa kuwa mnayajua. Kila mara sheria ilibadilishwa, vyama vikaongezeka, masanduku yakafanywa ya kuonea ndani. Lakini hesabu ya kikabila iliyo kichwani mwa mpiga kura haikuguswa.

MPEKETONI NA AMU

Wengi waliidhani Lamu kuwa mbali na mambo haya. Jioni ya Jumapili, Juni 15, 2014, watu wa Mpeketoni walikuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Watu wenye silaha wakaingia mjini, wakawatenga wanaume wasio Waislamu, wakawaua. Usiku uliofuata wakashambulia Poromoko. Katika siku mbili walikufa watu zaidi ya 60. Julai ikaja zamu ya Hindi na Gamba.

Al-Shabaab walidai kwamba ni wao. Juni 17 Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa, akakana, akasema kwamba ni mitandao ya kisiasa ya humu humu ndiyo iliyopanga mauaji dhidi ya jamii moja. Gavana wa wakati huo, Issa Timamy, akakamatwa, na baadaye mashtaka yakaondolewa. Kafyu ikatangazwa mwezi wa Julai, isiondolewe hadi Desemba. Mvuvi ambaye riziki yake ni usiku alikatazwa bahari.

Tazameni jinsi msiba mmoja ulivyogeuzwa kuwa misiba miwili isiyoamkiana. Mpeketoni ni makazi yaliyoanzishwa na serikali miaka ya 1970. Wakaaji wake wengi ni Wakikuyu waliotoka bara bila ardhi, na wamezaa na kuzika hapo. Wao waliuliza: kwa nini tumechinjwa na polisi hawakufika kwa wakati? Katika visiwa na vijiji vya bara ya Lamu, Wabajuni, Waamu na Waboni wana swali lao, nalo ni la zamani zaidi. Katika vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, Wabajuni walivihama vijiji vyao vya bara, na wengi hawakurudi kamwe katika ardhi hiyo. Taarifa ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais Mei 2013, imeandika kilio cha Lamu juu ya ardhi. Mnamo Julai 31, 2014 serikali yenyewe ilitangaza kufuta hati za ekari 500,000 zilizogawiwa kampuni 22 katika Lamu. Basi aliyehodhi ardhi alikuwa mkubwa asiyeonekana, na aliyelipa kwa damu ni mkulima wa ekari chache.

Maswali haya mawili hayapingani. Yote mawili yanaelekea mlango mmoja, mlango wa dola. Lakini siasa ya kura za kikabila ilihitaji yapingane. Ikamfundisha wa Mpeketoni amwone wa Amu kuwa muuaji, na ikamfundisha wa Amu amwone wa Mpeketoni kuwa mnyang'anyi.

SHAIRI LIWEZALO KUUMIZA

Tusiwapambe washairi kupita kiasi. Ulimi wa shairi una makali pande mbili. Katikati ya miaka ya 1970, chini ya chama kimoja, ushindani wa kiti cha Bunge hapa Lamu ulizaa mashairi ya Kimwondo. Yalirekodiwa kwenye kanda, yakasikizwa majumbani na barazani, na kila upande ukamtukuza mtu wake na kumchana mpinzani. Ni ushairi hodari, na wataalamu wameuandikia vitabu. Lakini unatukumbusha kwamba beti zinaweza kuwa silaha ya kampeni sawasawa na bango.

Upo ushairi mwingine. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliandika mwaka 1968 karatasi iliyoiuliza Kenya inaelekea wapi. Akafungwa miaka mitatu, na gerezani akatunga mashairi juu ya karatasi za msalani, yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Kosa lake lilikuwa kuwauliza watawala swali kwa niaba ya Wakenya wote, bila kuuliza kabila la mtu. Hapa Amu tunaye Ustadh Mahmoud Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, imamu na mwoka mikate. Mashairi yake mengi huwaonya watu wa mji wake mwenyewe.

Na nyuma yao wote yuko Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyeishi katika karne ya 18 na kuingia ya 19. Pate ilikuwa imeanguka. Majumba ya wakwasi yamekuwa magofu. Angeweza kuilaumu Amu. Angeweza kuilaumu Mombasa, au Wareno, au Waarabu wa Oman. Yeye aliugeukia moyo wake mwenyewe, akauhoji na kuukemea mbele ya watu. Msomaji wa leo, wa kabila lolote na dini yoyote, akilisoma shairi lile hujikuta kizimbani pamoja na mtunzi.

Ninyi wa makanisa mnaijua njia hiyo. Nabii Nathani hakumwendea Daudi na hati ya mashtaka. Alimpa kisa cha tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake wa pekee, na mfalme akatoa hukumu kabla hajajua kwamba anajihukumu nafsi yake. Hata Kitabu cha Maombolezo, kinapoulilia Yerusalemu, hakimlaumu adui peke yake. Kinakiri na makosa ya wenyeji.

TUNACHOOMBA

Wahenga walisema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hatumkatazi mfiwa kuanza na maiti wake. Tunachokataa ni kumfungia mlango jirani aliyekuja kulia. Mtu wa Mpeketoni akitunga utenzi wa Juni 2014, na amtaje pia kijana wa Kiislamu aliyekamatwa bila kosa. Mtu wa Amu akitunga juu ya ardhi na kafyu, na awataje pia waliouawa Poromoko, mmoja mmoja, kama watu waliokuwa na mama. Ushairi unaowahesabu wafu wa upande mmoja tu ni mkutano wa kampeni uliovaa nguo za matanga.

Pili, tunaomba mshairi amtaje mtenda kwa kitendo chake: aliyeua, aliyegawa ardhi kwa siri, aliyechelewesha polisi kwenda kuokoa watu. Mahakama haiwezi kulishtaki kabila, na shairi lisijaribu kufanya hivyo. Mshtakiwa akiwa ni kabila zima, muuaji hasa hujificha ndani yake na kwenda zake.

Tatu, tunayaomba makanisa na misikiti ya Mpeketoni, Hindi, Witu na Amu yafanye jambo lililo ndani ya uwezo wao. Kila mwaka, Juni inapofika, wakusanyike mahali pamoja, wasome tungo za pande zote, na kila upande usome utungo wa mwenziwe kwa sauti yake. Tungo hizo zikusanywe katika kitabu kimoja. Na kikao hicho kisivunjike kabla ya kuuliza: mapendekezo ya Tume ya Ukweli yaliyokabidhiwa mwaka 2013 yametekelezwa kwa kiasi gani hapa kwetu? Tuko tayari, sisi wa taaluma ya sheria, kuyaandika maombi hayo kwa Bunge na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi bila malipo.

Watasema wengine kwamba mashairi hayarudishi shamba wala hayamfufui aliyekufa. Ni kweli. Lakini kila vita tulivyovitaja vilianza kwa maneno: kijikaratasi kilichotupwa usiku, hotuba ya jukwaani, wimbo wa dharau. Maneno yaliyowatenga watu yalipewa vipaza sauti na fedha. Nasi tuyape maneno yanayowakusanya angalau baraza moja, kabla wagombea hawajafika tena kwa mashua na magari kutuuliza sisi ni wa nani.

Siku hiyo tuwajibu kwamba wafu wetu ni wamoja, na kura zetu tutazitoa tukiwa tumewakumbuka wote.