Usipa naye anakula nini?



Fungu la usipa linalouzwa hapa Iyunga limetoka Kyela, likapanda Tukuyu na kupitia Uyole. Mnunuzi huuliza bei. Ni nadra kuuliza samaki huyo naye alikula nini, ilhali bei yenyewe inaanzia huko.

Usipa wa Ziwa Nyasa hachokoi matope wala mawe ya pwani. Makao yake ni maji ya wazi, na chakula chake ni vijidudu vinavyoelea, vidogo kama vumbi. Vijidudu navyo hula mimea ya majini isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huhitaji jua na rutuba.

Rutuba iko wapi? Ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi, na kuanzia kama mita 250 kwenda chini maji hayana oksijeni. Huko ndiko rutuba nyingi imelala. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi huyavuruga maji na kuipandisha sehemu yake juu. Mimea hustawi, vijidudu huongezeka, usipa hushiba. Na kwa kuwa usipa huishi mwaka mmoja tu hivi, msimu wa njaa huonekana upesi ndani ya mitumbwi.

Usiku vijidudu vingi hupanda karibu na uso wa maji. Ndiyo maana mvuvi husubiri giza, akawasha taa: mwanga hukusanya chakula na mlaji pamoja. Mbalamwezi iking'aa, taa hupoteza nguvu.

Upepo hatuwezi kuuamuru. Chandarua tunaweza kukiacha. Kikikokotwa kando ya ziwa, huzoa vitoto ambavyo havijapata muda wa kula wala kuzaa. Sheria inakataza, na akili pia inakataza. Mkulima wa Mbeya havuni mahindi yakiwa bado maua.

Nasi wanunuzi tumo. Vitoto huvuliwa kwa kuwa vina soko. Akina mama wa Iyunga wakiliacha fungu la usipa wembamba kama sindano, mchuuzi ataelewa, na habari itashuka hadi Kyela upesi kuliko waraka wowote wa serikali.

Tumwache usipa ale kwanza, ndipo nasi tule.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.