Gunia la Nani? Kuweka na Kutoa Vitu Katika Orodha ya Kompyuta

Maelezo yaliyotolewa kwa vijana wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, Chitete, Wilaya ya Momba



Kwa somo la leo tumechagua kazi mnayoifahamu: kupokea ufuta ghalani. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mkulima anayeweka mazao kwenye ghala lenye leseni hupewa stakabadhi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake mpaka mzigo uuzwe. Programu yetu ni ya mazoezi tu, lakini tuiandike kana kwamba mama mwenye gunia amesimama mlangoni anasubiri.

Tunatumia lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Tukiandika magunia = [] tumepata orodha tupu. Kiolezo cha Gunia mnacho tayari. Mkulima anapofika tunaunda kitu kwa gunia = Gunia(), tunajaza jina la mwenyewe, namba ya stakabadhi na kilo, kisha tunakiingiza kwenye orodha kwa magunia.append(gunia). Kukitoa, tunataja nafasi yake. Wa kwanza ni magunia[0], wa pili magunia[1]. Msishangae hiyo sifuri: nafasi huhesabu hatua kutoka mwanzo wa orodha, na wa kwanza hajapiga hatua hata moja. Wa mwisho, hata kama hatujui wamefika wangapi, ni magunia[-1].

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo wengi hukwama na kompyuta haiwaambii kitu. Orodha haibebi gunia lenyewe. Inabeba njia ya kulifikia, kama daftari la mtunza ghala ambalo halina ufuta ndani yake bali linaonyesha ulipo. Tuseme mwanafunzi ameunda kitu kimoja tu, kabla ya kuanza kupokea watu. Mkulima wa kwanza ana kilo 62. Anaziandika humo na kukiingiza kwenye orodha. Wa pili ana kilo 48. Anafuta 62 katika kitu kilekile, anaandika 48, anakiingiza tena. Wa tatu, mwenye kilo 90, vivyo hivyo. Akiuliza urefu wa orodha, anajibiwa 3, na roho yake inatulia. Lakini akiichapa, anaona 90, 90, 90, zote kwa jina la mkulima wa tatu. Jumla ni kilo 270, wakati mzani ulipima 200. Programu haikugoma wala kulalamika. Wakulima wawili wamepotea, na wa tatu ana mzigo ambao haukuingia ghalani kamwe.

Dawa yake ni kuhamisha mstari mmoja. Ule wa gunia = Gunia() uingie ndani ya mzunguko, ili kila mkulima aundiwe kitu chake kipya.

Jingine ni fupi. Nafasi kwenye orodha si namba ya stakabadhi. Gunia likiondolewa katikati ya orodha, yote yaliyo nyuma yake yanasogea mbele, na aliyekuwa kwenye nafasi ya 5 anajikuta kwenye 4. Kwa hiyo namba ya stakabadhi ikae ndani ya kitu chenyewe. Ukimtafuta mtu kwa namba hiyo, programu itakagua kitu kimoja kimoja mpaka imkute. Kwa wakulima 30 hakuna shida. Wakifika maelfu tutahitaji njia nyingine iitwayo kamusi, lakini hiyo ina siku yake.

Sasa kila kundi lichukue wakulima watatu. Kabla ya kuendesha programu, andikeni kwenye karatasi jumla ya kilo mnayotarajia, pamoja na jina litakalotoka kwenye magunia[0]. Tutapita meza kwa meza kulinganisha karatasi na kompyuta. Kundi ambalo majibu yake yamepishana lisifute kitu; tuachieni tuone wote.