Mtu wa Mlimani na Maji Makubwa

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wahitimu wetu mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi, katika mkutano wetu wa mwaka. Mhariri.)



Nilipoulizwa nitazungumza juu ya nini, nikajibu kuwa nitazungumza juu ya kuvua samaki na kutembea kwa ngalawa. Katibu wetu alicheka. Akasema, “Mzee, hapa ni Lushoto. Sisi tunajua viazi na kabichi.” Maneno yake ni ya kweli, na ndiyo sababu hasa ya mimi kusimama hapa.

Mimi nilizaliwa Lukozi. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona mpaka namaliza shule hii yalikuwa ya mvua na ya kijito tulichokuwa tukifulia nguo. Nilipopata kazi Tanga nikaanza kuvua siku za mapumziko, kwa kujifurahisha tu na kupata kitoweo, na tangu hapo sijaacha. Nimevua Tanga, nimevua Pangani, nimevua bwawa la Nyumba ya Mungu. Yote niliyojifunza nilifundishwa na wavuvi ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kukaa darasani kama sisi. Leo nataka kuwagawia kidogo, lakini kwanza sina budi kuwasimulia habari moja.

Mwezi Julai mwaka 1979, mwenzetu mmoja alishuka kuja kunitembelea Tanga. Sitamtaja jina, lakini waliosoma nasi watamkumbuka; alilala kitanda cha juu na mimi cha chini kwa miaka minne. Alikuja na gunia la viazi begani na akaniambia, “Nataka nikaione bahari kwa ndani, siyo kwa ukingoni.” Nikamwomba mzee mmoja mvuvi, mwalimu wangu, atuchukue katika ngalawa yake.

Tulitoka saa kumi alfajiri, tukapiga makasia mpaka upande wa kisiwa cha Ulenge. Ilikuwa siku ya tatu baada ya bamvua, na bahari ilijaa kiasi cha saa kumi na mbili na nusu. Samaki walikula vizuri mno. Mwenzetu alivuta changu wa kwanza maishani mwake akapiga kelele kama mtoto. Saa mbili mzee akasema, “Tukunje mishipi. Maji yameanza kutoka na kusi litaongezeka.” Mimi nikasema, “Mzee, saa moja tu.” Saa moja ikawa mbili. Yule mzee alinistahi kwa kuwa mimi ni msomi na ni mgeni wake. Hilo ndilo lililoniuma miaka yote hii.

Ilipofika saa nne, maji yalikuwa yakitoka ghubani kwa nguvu, na kusi lilikuwa likivuma kuyakabili. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi hayawi marefu na mapole, bali huwa mafupi, yamesimama wima, na hufuatana bila nafasi. Ngalawa ikaanza kuingiza maji, mimi nikawa nafua kwa kopo. Wimbi moja likapiga ubavuni. Mwenzetu akashtuka akasimama, kama mtu yeyote ambaye hakufundishwa angalivyosimama. Pigo la pili likamtoa nje.

Hakujua kuogelea. Hatukuwa na jaketi okozi hata moja. Mpaka mzee alipoweza kuigeuza ngalawa tulikuwa tumekwisha mpoteza. Alionekana siku ya tatu, kwenye mikoko.

Chomboni mlikuwa na dumu la plastiki la lita 20, lenye maji ya kunywa yasiyofika nusu, limefungwa kwenye mlingoti. Dumu tupu lililofungwa kifuniko humweleza mtu mzima. Lilikuwa mbele ya macho yangu. Nililikumbuka kesho yake, nimelala.

Nilipanda mlima kwa lori kwenda kumweleza mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia mbele yangu. Aliniuliza neno moja tu: “Mwanangu, wewe hukujua kuwa hajui kuogelea?” Nilikuwa najua. Miaka minne tulioga kijito kimoja.

Ndugu zangu, sikuja kuwatia huzuni siku ya furaha. Nimesema hayo ili vijana wajue kuwa yafuatayo si maneno ya kitabuni.

Kwanza, kuogelea. Sisi watu wa mlimani hudhani kuogelea ni kazi ya watu wa pwani. Lakini siku hizi kila mwanafunzi hapa atasoma au atafanya kazi Tanga, Dar es Salaam au Mwanza, na atapanda chombo siku moja. Tena maji hayako pwani tu. Tuna mabwawa ya samaki, tuna mashimo ya kumwagilia bustani, na ndugu zetu Wapare wana ndiva zao. Maji ya huku juu ni baridi, na baridi hukata pumzi na kukaza misuli upesi. Kabla ya kujifunza kwenda mbele, jifunze kulala chali juu ya maji, masikio yakiwa ndani, kifua kimejaa hewa, mikono imetandazwa. Anayeweza kukaa hivyo kwa dakika kumi anaweza kungojea msaada. Anayepigana na maji huchoka kabla msaada haujafika.

Pili, jaketi okozi. Jaketi huvaliwa, haliwekwi chini ya gunia. Chombo kikipinduka hakuna atakayepata nafasi ya kufungua fundo. Funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako akuvute mabegani. Likipanda mpaka masikioni, si lako, tafuta dogo zaidi. Ikiwa hakuna jaketi, kila mtu awe na dumu tupu lililofungwa vizuri, lenye kamba fupi ya kushikia. Hilo halilingani na jaketi, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Na mtu akianguka majini, usijitose nyuma yake. Mtupie kitu kinachoelea, mwelekezee kasia, na mmoja wenu asimwondolee macho hata kidogo, maana kichwa cha mtu hupotea upesi katikati ya mawimbi.

Tatu, zijue pepo na maji. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi Desemba hivi mpaka Machi, na kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba, likiwa na nguvu zaidi Juni na Julai. Mara nyingi asubuhi huwa shwari na upepo hukua jua linapopanda. Kwa hiyo mvuvi wa kujifurahisha atoke mapema na arudi mapema. Juu ya kujaa na kupwa, shikeni kanuni hii ya wazee: katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa karibu dakika 50. Ukijua tarehe ya mwezi, utajua maji yako wapi bila kuuliza mtu. Siku za bamvua maji huenda kwa nguvu, siku za maji mafu huenda polepole. Kisha jiulize neno moja kabla ya kusukuma chombo: saa ya kurudi kwangu, upepo na mkondo vitakuwa vinakwenda pamoja au vinapingana?

Nne, mabwawa na mito. Msidharau maji ya bara kwa kuwa hayana chumvi. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika Mto Pangani miaka ya 1960, ni pana, na upepo wa mchana huligeuza likawa kama bahari. Humo na katika mto wenyewe mna mamba. Usisimame majini kutupa ndoana, usinawe samaki ukingoni jioni, na usirudi kila siku mahali pale pale, maana mamba hujifunza desturi za mtu. Katika mtumbwi kaa chini, katikati. Anayetaka kubadilishana nafasi na mwenzake aende ufukoni kwanza.

Tano, mshipi. Usiuzungushe mkononi hata mara moja. Kolekole mmoja akivuta, uzi hukata mpaka mfupani. Shikia kipande cha mpira wa baiskeli. Samaki mwenye kujivimbisha kama mpira ndiye bunju, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa, mrudishe majini. Taa ana mwiba mkiani: unapotembea kwenye maji ya kina kifupi buruta miguu, naye atakimbia. Akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kwa kuwa joto huvunja nguvu ya sumu ile. Kisha nenda hospitali.

Sita, mwambie mtu wa nchi kavu umekwenda wapi na utarudi saa ngapi, na mtii nahodha. Mkuu wa chombo ni yule anayeyajua maji, awe hajui kusoma wala kuandika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, akafa mwenzangu. Na nahodha anapojaza watu kupita kiasi, shukeni. Tarehe 21 Mei mwaka 1996 ilizama MV Bukoba karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba mwaka 2011 ikazama MV Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara. Mamia walikufa kila mara, na kila mara chombo kilikuwa kimejaza watu kuliko uwezo wake.

Neno la mwisho ni juu ya samaki wenyewe. Vijana mtaniuliza, sisi wa milimani yanatuhusu nini? Maji ya Soni hushuka Mombo, yakaingia Mkomazi, yakaingia Pangani, yakafika baharini. Mto Umba huanzia msitu wa Shagayu nao huishia baharini, ng’ambo ya mpaka wa Kenya. Udongo wa shamba lililolimwa bila matuta hapa kwetu hufuata njia hiyo hiyo, ukaenda kufunika matumbawe na mazalio ya samaki. Na tuna samaki wa kujivunia. Katika mabonde yaliyo chini yetu yuko perege ambaye wataalamu walimpa jina la Korogwe mwaka 1955. Baharini Tanga yuko silikanti, ambaye dunia nzima ilidhani alikwisha toweka zamani za kale, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa katika nyavu za maji ya kina, na mwaka 2009 pakatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kwa hiyo ukivua, pata kibali chako kama sheria inavyotaka, rudisha wadogo, na usikae kimya ukimwona mtu mwenye baruti. Baruti huua mpaka mayai, na imewakata mikono wavuvi wengi wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi moja. Kila mwaka wanafunzi wa shule hii hushuka Tanga kwa ziara ya masomo, na baadhi hupanda mashua. Hapo mezani nimeweka jaketi okozi mbili, mpya, nilizozinunua mwenyewe. Naomba kila rika la wahitimu lichange japo moja, ziwekwe katika ghala ya michezo pamoja na mipira, na asipande mwanafunzi yeyote chomboni bila ya kuvaa. Tena naomba tumlipe mwalimu wa kuogelea wakati wa likizo, hata akiwafundisha kumi kumi. Fedha za chakula cha leo peke yake zingetosha kuanzia.

Mama wa mwenzetu alikwisha fariki. Mpaka mwisho wa maisha yake nilikuwa nikimpelekea samaki mkavu kila nilipopanda mlima, naye alikuwa akipokea. Hakuniuliza tena lile swali. Lakini ninyi vijana mnaweza kuulizwa siku moja, na ningependa muwe na jibu.

Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nimeyafika. Tafadhalini, yaingieni mkiwa mmejitayarisha, mrudi na samaki, na mrudi wote.

Sasa twendeni tukale.