Juu ya Kuridhika na Maisha Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Mlitutaka tuseme maneno machache juu ya kuridhika, na jinsi imani ya Kikristo impavyo mtu radhi katika maisha yake mwenyewe. Tuliitikia upesi, kisha tulipoketi kuandika tukajuta, kwa maana karani si mtu asifiwaye kwa kuridhika. Kazi yake ni kuandika hesabu za watu wengine. Asubuhi hupita mkononi mwake mshahara wa huyu, fidia ya yule, hati ya shamba la mwingine. Jioni hurudi nyumbani na mshahara wake, nao waonekana mdogo kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Basi yatupasa tuanze na ugonjwa wetu sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika afisi tuliyokuwamo wakati ule, cheo tulichokitazamia alipewa kijana ambaye sisi ndio tuliomfundisha kazi. Kwa miezi mingi hatukulala vema. Kila asubuhi tulipanda mashua Mokowe kuvuka kuja Lamu, na njiani hatukuiona bahari wala mikoko, wala hatukuitikia salamu ya nahodha kwa moyo mmoja. Tulikuwa tukipiga hesabu ya shilingi alizotuzidi yule kijana. Nyumbani watoto walijifunza kunyamaza tuingiapo. Na kanisani tuliimba kama desturi, tena kwa sauti kubwa.

Tangu shule ya misheni tulikuwa tumeukariri Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, pale anaposema habari ya kuwa radhi katika hali yoyote, hata tukapata alama nzuri katika mtihani. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hatukuyaangalia. Mtume asema kwamba alijifunza. Hakuzaliwa na radhi hiyo, wala hakuipata siku ile alipoanguka njiani kwenda Dameski. Alijifunza, kama mtu ajifunzavyo kazi, na bila shaka aliharibu mara nyingi. Tena aliandika akiwa kifungoni, na waraka ule, ukiutazama vema, ni barua ya shukrani. Wafilipi walikuwa wamempelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye Epafrodito akaugua karibu na kufa. Paulo hakuurudisha msaada ule kwa kujivuna kwamba yeye ameridhika na hana haja ya kitu. Aliupokea akafurahi. Sisi wa chama cha kusaidiana yafaa tulishike sana jambo hili, maana wako miongoni mwetu wasiotaka kusaidiwa, wakidhani kwamba hiyo ndiyo imani.

Lugha yetu yenyewe yatuonya. Neno kukinai, ambalo jirani zetu Waislamu walijua vema kuliko sisi, lina maana mbili. Mtu hukinai kwa kuwa ametosheka; tena hukinai chakula kwa kuwa kimemchosha, hataki hata kukitazama. Twawajua Wakristo waliokinai maisha kwa maana hii ya pili, nao wadhani ni ile ya kwanza. Hawaombi kitu, hawatumaini kitu, huketi tu; na watu huwasifu kwa upole wao.

Hapa twaomba wazee watuvumilie, kwa kuwa tutagusa kidonda. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 mji wa Mpeketoni ulishambuliwa, na katika usiku ule na uliofuata watu zaidi ya 60 waliuawa pale na katika vijiji vya karibu. Wengi wa watu wa huko ni wa jamaa zilizogawiwa mashamba katika mpango wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970, wakafyeka msitu kwa mikono yao. Sisi tulikwenda kuhani katika nyumba moja. Tulikuwa tungali vijana, na maneno tulikuwa nayo mengi. Tukamwambia mjane aridhike na mapenzi ya Mungu. Akatutazama kwa muda, kisha akatuuliza kama tumekuja na unga. Hatukuwa nao. Twakumbuka tulivyoinama tukavitazama viatu vyetu.

Tangu siku ile twaona kwamba neno hili la kuridhika mtu hujiambia mwenyewe. Paulo alilisema juu ya nafsi yake, na minyororo ilikuwa yake. Mwenye kushiba akimwambia mwenye njaa aridhike, amemdhulumu mara ya pili.

Wala kuridhika hakumzuii mtu kudai haki. Paulo yule yule, alipoona kwamba hatapata hukumu ya haki, alikata rufani kwa Kaisari. Na hapa kwetu, bandari mpya ilipoanza kujengwa mwaka 2012, walikuwako wenyeji waliokwenda mahakamani kutetea bahari na riziki ya wavuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi milioni 1,760. Katika miaka ile ya kungoja tuliwaona wavuvi wakitoka alfajiri, wakirudi na walichojaliwa, wakiketi barazani na kucheka. Wengi wao si Wakristo, nasi hatuoni aibu kusema kwamba tulijifunza kwao. Wao walidai bahari waliyovua baba zao. Sisi tulikuwa tukikitamani kiti cha mwenzetu.

Mtauliza yule kijana wa cheo aliishia wapi. Jumamosi moja, baada ya sala nyingi ambazo hazikuwa nzuri, tulimwendea afisini. Tulimkuta akihangaika na hesabu za mwisho wa mwaka zilizokataa kulingana. Tukavua koti tukaketi naye hata taa zikawashwa. Tofauti ilikuwa shilingi 900, na kila karani ajua kwamba tofauti igawanyikayo kwa tisa yaelekea kuwa ni tarakimu zilizogeuzwa: mahali pa 6,500 alikuwa ameandika 5,600. Alishukuru sana, akatuambia kwamba tangu apewe kiti kile halali usingizi. Hatukuzungumza habari ya cheo. Usiku ule tulilala sisi wawili, yeye kwake na sisi kwetu.

Tusidanganyane kwamba tulipona kabisa. Hata sasa orodha ya vyeo ibandikwapo ukutani, moyo hupiga. Ndipo husali papo hapo, tukiwa tumesimama mbele ya ubao pamoja na wengine, sala fupi isiyozidi jina la Bwana na jina la yule aliyepandishwa. Mara nyingine moyo hutulia kabla hatujafika mezani petu. Mara nyingine huchukua juma zima.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tuna ombi moja kwa mwaka ujao. Kamati itakapokwenda kuhani, mweka hazina atangulie na unga, na sisi wenye maneno tufuate nyuma. Na wale ambao ada zao hazijalipwa, majina yao tunayo, lakini leo hatutayasoma.