Maji ya Uthiru Huishia Wapi?

Msikilizaji, mvua kubwa ikinyesha hapa Uthiru, hebu tazama maji yanakimbilia wapi. Nairobi imeinama kuelekea mashariki. Maji ya mapaa yetu na ya viwanja tulivyovimwagia saruji hayakai kwetu. Huteremka mabondeni, yakaingia mitoni, na huko chini yakamkuta mtu aliyepanga chumba cha mabati ukingoni kwa sababu hapo ndipo mfuko wake ulipofika.

Aprili na Mei 2024, mito ilifurika Mathare na Mukuru. Watu wakafa, kisha matingatinga yakaja kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Ni kweli, mto lazima upewe nafasi yake. Lakini aliyebomolewa bila kuonyeshwa pa kwenda atajenga tena bondeni.

Iko njia nyingine, nayo imeshajaribiwa papa hapa Nairobi. Kibera, shirika la Kounkuey limeshirikiana na wakazi tangu 2006. Kingo zilizokuwa jalala zimegeuka viwanja vya umma: mawe yaliyofungwa kwa nyavu yanazuia udongo kumomonyoka, pana vyoo na mahali pa kufulia, watoto wana pa kuchezea, na vikundi vya wakazi ndivyo vinavyosimamia.

Mukuru nako, serikali ya kaunti ilitangaza mwaka 2017 kuwa ni eneo maalumu la mipango. Kaya zaidi ya 100,000 zinaishi huko. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ukasaidia kuwakusanya wakazi, kaya kumikumi, wakajadili barabara, maji na majitaka. Ilipoonekana kuwa barabara za upana wa kawaida zingefukuza watu wengi mno, upana ukapunguzwa. Ramani ilikubali kujifinya ili watu wabaki.

Sisi wa Uthiru twajifunza nini? Mashamba ya wazee wetu yamekatwa ploti, na kila ploti inaota ghorofa. Bado tuna nafasi ya kupanga kabla ya kubomoa. Mtaa wetu umegawanywa kati ya Nairobi na Kiambu. Basi kaunti hizi mbili zichore mtaro mmoja, maana mtaro unaoishia mpakani ni kumwagia jirani maji. Kabla ghorofa haijaidhinishwa, mwenye ploti aonyeshe maji yake yatapita wapi. Nawe landilodi, acha kipande cha udongo wazi, upande mti. Udongo hunywa kile ambacho saruji hukitema.

Na mpangaji aitwe mkutanoni. Yeye ndiye anayeruka dimbwi kila asubuhi akienda stejini, na anajua linapoanzia.